Fimbo Iliyobaki Mlangoni

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kaka yangu aliegemeza fimbo yake ya kutembelea ukutani, akaingia bila hiyo mbele ya daktari. Kesi yake iliishia hapo, ingawa hadi leo anajisifu kwamba aliingia kama mwanamume.

Alistaafu jeshini na mgongo ulioharibiwa na bomu la kutegwa barabarani, na sikio moja lisilosikia. Hawezi kubeba kikapu cha chai kutoka shamba letu la Roret hadi kituo cha kununulia. Madaktari walikuja Kericho kupima askari wastaafu, ili kila mmoja alipwe pensheni ya ulemavu kulingana na alivyoumia. Nilisoma kanuni zao zote, nikamwambia jambo moja tu: ukiumia, sema unaumia.

Karani aliyekuwa akiita watu mlangoni alikuwa botum wake. Walitahiriwa pamoja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja, na hakuna aliyekunja uso mbele ya kisu. Aliitazama ile fimbo.

"Botum, siku hizi unachunga ng'ombe wa nani?"

Wakacheka wote wawili. Fimbo ikabaki nje.

Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu ya sikio lake. Karani naye alisimama kando na mafaili. Daktari akamwambia kaka ainame, naye akainama mpaka vidole vikagusa buti alizozipiga rangi. Niliona jasho likimtiririka shingoni. Daktari hakuliona, alikuwa akisoma simu yake.

"Maumivu?"

"Niko sawa, afande."

Msomi yule akaridhika na neno la mtu aliyefunzwa mara mbili, kibandani na kambini, kutolia. Karani akampiga kaka begani kwa fahari. Sijui nani kati ya wale watatu nilimdharau zaidi. Ujasiri wa aina hiyo ni upumbavu uliovaa buti.

Baada yake aliingia jirani yetu wa cheo kilekile, aliyetumikia taifa stoo akihesabu blanketi, akaumia goti kwenye mpira. Yeye si wa kundi lao la jando, wala hakuwa na wa kumwonea haya pale. Alipoguswa goti, tulimsikia tukiwa nje.

Majibu yalipotoka nilimsihi kaka akate rufaa. Alikataa, hawezi kurudi na kulia mbele ya botum. Kwa hiyo mke wake ndiye anayebeba kikapu. Jirani hupokea elfu kumi na mbili na mia nane, kaka elfu tatu na mia mbili. Ile fimbo ya mlangoni inatugharimu, kila mwezi, shilingi elfu tisa na mia sita.