Vidonge vya Mama vilivyokwenda Rubya

Leo nimemfokea mama yangu mbele ya daktari, na bado naona aibu.

Mama ana kisukari. Sukari yake imetulia, lakini vipimo vya leo hapa Bukoba vimeonyesha mafuta kwenye damu yamepanda tena.

Daktari akamuuliza, "Mama, vile vidonge vya mafuta unameza kila siku?"

Mama akainama. "Leo nameza, kesho naacha. Vingine nampelekea mdogo wangu kule Rubya. Naye ana kisukari."

Nikafoka. "Mama! Unataka upate kiharusi?"

Akanijibu taratibu, "Nimeze peke yangu, yeye je?"



Daktari akamweleza kwa upole kwamba dawa hiyo humezwa kila siku, na kwamba mdogo wake naye apimwe, apewe ya kwake.

Tulipotoka nikampigia mama mdogo kwa spika, nikamwambia asimeze tena vidonge vile kabla hajapimwa.

Akacheka. "Waitu, jamani, sijameza hata kimoja! Namtunzia dada, visije vikamwishia."

Mama alisikia. Akakaa kwenye benchi, akalia.

Kesho naenda Rubya kumchukua mama mdogo, aje apimwe.

Na ninyi, hebu waulizeni wazazi wenu leo: dawa zao wanameza wenyewe?