Kilichotua Kwenye Nyasi za Ndama

Mama mmoja aliinama kwenye kaunta ya polisi, upande wa Isinya, akaripoti kuwa kitu chenye taa kimetua kwenye nyasi alizozungushia ua, akiba ya ndama wake wakati wa kiangazi.

"Kilikuwa na namba ya gari?" afande akauliza.

Kesho yake tulifika: magari mawili ya serikali, chifu, na sisi watazamaji kutoka Kitengela. Tulizunguka hadi adhuhuri. Afande akajipiga rungu pajani.

"Mama, hapa hakuna kitu ilitua."

Mama akatazama nyasi zilizolazwa na magurudumu na viatu vyetu. Ndama walilia nje ya ua.

"Afande, hiyo kitu iliniachia nyasi yangu yote."

Tulirudi magarini, nami nikinyata, kana kwamba bado kulikuwa na nyasi za kuokoa.