Bastola ya Kukaa Mkobani

Nelda Hargis alikuwa dalali wa nyumba, na katika wilaya nzima ya Mabry hakuna aliyemfikia. Nyumba imekaa sokoni miaka miwili, paka wanazalia darini, madalali wengine wameikimbia. Mpe Nelda wiki tatu, utasikia imepata mwenyewe. Hakujifunza kwa mtu. Alikuwa na mdomo, alikuwa na subira, na alijua kila mbao iliyooza ilipo na jinsi ya kuitaja kabla mteja hajaikanyaga.

Halafu mwezi wa Machi akampeleka bwana mmoja kuona nyumba tupu kule kwenye misonobari, na yule bwana alipoingia akafunga mlango, akaziba njia, akatia ufunguo mfukoni. Hakumgusa. Alitabasamu tu. Nelda akasema anakwenda kumwonyesha bafu, akajifungia humo, akatokea dirishani kama mwizi wa kuku, akaacha nusu ya gauni kwenye msumari. Sherifu aliandika maelezo. Jina alilotoa yule bwana halikuwa lake, na hajaonekana hadi leo.

Tangu hapo, wiki sita, Nelda hakuingia nyumba tupu bila kaka yake Royce. Royce alikuwa anasimama uani, kijiti mdomoni, mikono kwenye mkanda, na wateja wote walikuwa wanamuuliza yeye. Paa lina umri gani? Kisima kina kina gani? Wanamuuliza Royce, mtu wa ng'ombe, asiyejua paa wala kisima, na Royce anajibu. Hilo ndilo lililomuuma Nelda kuliko gauni. Kazi ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake.

Basi mtu mmoja akapiga simu akitaka kuiona nyumba ya marehemu Dillard, Jumanne saa tatu asubuhi. Jumanne Royce anapeleka ndama mnadani. Nelda akasema ndiyo kabla hajafikiri, akakata simu, akakaa chini.

"Jumanne naenda peke yangu," akamwambia Royce. "Nikishindwa kuingia, narudisha leseni. Sitaki tena kuuza nyumba huku nimechungwa kama mwari."

"Basi utahitaji bastola," Royce akasema, na macho yakamwaka. Mpe mtu wa Mabry sababu ya kuzungumzia bastola uone kama atakula.

Habari hapa kwetu haziendi, zinaruka. Jumapili, ibada ilipokwisha, ukoo mzima ukahamia malishoni kwa Royce na mabakuli ya maharage, mbavu za nguruwe, mkate wa mahindi, na madumu ya chai baridi ya sukari. Kila mmoja na bastola yake. Royce akashusha mlango wa nyuma wa gari lake, akatandika taulo la kuogea, na bastola kumi na moja zikapangwa juu yake, zote tupu, mitutu yote imeelekea tuta la bwawa la ng'ombe. Ungedhani ni mnada. Kila mwenye yake anaisifu kama baba wa bi harusi.

"Jaribu hii, dada. Nyepesi, utasahau unayo."

"Achana naye. Hii hapa ndiyo ya mwanamke."

Nelda alikuwa ameshika bastola mara mbili tatu maishani mwake, kwa heshima, kama unavyoshika mtoto wa watu. Siku hiyo akavaa vikinga masikio na miwani, akaanza. Binamu yake alimletea ya rangi ya waridi, ndogo kama simu. Wanaume wote wakaafiki: ndogo kwa mkono mdogo. Nelda akafyatua mara moja, na kile kidude kikampiga kiganja kama nyundo, kikaruka juu, risasi ikaenda inakojua yenyewe. Kumbe chuma kikiwa chepesi, teke lote linabaki kwa mpigaji. Akaichukua kubwa ya mjomba wake. Hiyo ilitulia vizuri, lakini alipoitia mkobani bega lilishuka kama amebeba debe la maji.

"Mchagua jembe si mkulima," Royce akamtania, akatoa kisanduku nyuma ya kiti. Alikuwa amenunua Jumamosi bila kumuuliza mtu. Bastola bapa, nyeusi, yenye magazini ya risasi kumi na moja. "Hii nimekuchagulia mimi. Hii ndiyo maliza kazi."

Na kweli, Nelda alipiga. Walikuwa wametundika sahani ya bati ya kuokea pai, na mara ya kwanza tu akaipiga mara nne, mara ya pili tisa. Sahani inalia ting, ting, ukoo unashangilia, Nelda anacheka mpaka machozi. Ilikuwa raha tupu. Mwili wake, uliokuwa umejikunja tangu Machi, ukanyooka, akahisi anaweza kuipiga sahani hiyo mpaka Jumanne yenyewe. Royce alikuwa anapokea pongezi kana kwamba ndiye aliyepiga.

"Sahani haitembei," ikasikika sauti kutoka kivulini.

Ni Shangazi Ouida, dada wa marehemu baba yao, miaka sabini na minane, kakaa kwenye kiti cha kukunja na sahani ya mbavu mapajani. Alifanya kazi ya ukarani wa mahakama miaka arobaini, na alikuwa amewasikiliza wahalifu wengi mno hata asivutiwe na sahani ya pai.

"Shangazi, kula tu," Royce akasema.

"Nakula. Itoe risasi hiyo bastola, niletee niikague mwenyewe. Halafu iende mkobani. Wewe Royce nenda pale kwenye uzio, uje kama mteja."

Akaikagua mara mbili, akatia kidole ndani, akairudisha. Nelda akaitumbukiza mkobani, mkoba begani. Royce akaja anayumbayumba. "Habari za asubuhi, mama, nimekuja kuona nyumba," na alipobakisha hatua saba akachomoka mbio. Nelda akaingiza mkono, akatoa kitana. Watu walicheka mpaka mabakuli yakataka kumwagika. Mara ya pili bastola ilinasa kwenye mkanda wa funguo. Mara ya tatu aliipata, lakini haijatoka hata nusu Royce alikuwa ameshamfikia na kumshika mkono.

Nelda akawa mweupe. Mkono ni wa kaka yake, anaujua tangu utotoni, lakini mwili haukujua. Mwili ulikuwa umerudi kule kwenye misonobari, mlango umefungwa. Kicheko kikakatika.

"Samahani, dada," Royce akasema, akamwachia upesi. "Samahani sana."

"Siwezi," Nelda akasema. "Nampigia simu nimwambie asije."

"Humpigii mtu," Shangazi Ouida akasema, akaweka mbavu chini. "Mmekuwa mnamchagulia tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyewahi kutembea na mkoba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nelda, mwanangu, nisikilize. Kosa si lako. Huchomoi kitu mkobani mtu akishakufikia. Mkono unatangulia. Mteja hajashuka garini, mkono wako umo ndani tayari, umeshika mpini, kidole kimelala ubavuni, hakigusi triga. Anaona mama kashika mkoba wake. Akikurukia, huitoi. Unampigia humo humo."

"Ndani ya mkoba?"

"Sasa utampigia wapi? Buti ya gari langu ina mikoba mitatu nilikuwa napeleka mnada wa kanisa. Ileteni. Kanisa litanisamehe."

Hapo ndipo watu waliposimama wote. Royce akatundika gunia la majani makavu kwenye nguzo, tuta la bwawa nyuma yake. Nelda akasimama hatua mbili tu, mkoba wa kwanza wa Shangazi, wa kahawia, kaukandamiza kiunoni, mkono umo ndani na bastola ya Royce. Akafyatua. Mkoba ukatoboka, gunia likatikisika. Akafyatua tena: kimya. Akavuta, akavuta. Kimya.

Walipofungua wakakuta kile chuma cha juu, kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, kimeuma kitambaa cha ndani ya mkoba, na ganda limekwama.

"Bahati mbaya," Royce akasema. "Leteni mwingine."

Mkoba wa pili, mweusi wa maziko. Risasi moja, kisha kimya. Royce hakusema bahati tena.

Shangazi Ouida akavuta mkoba wake mwenyewe kutoka chini ya kiti, akatoa rivolva fupi ya silinda, ya risasi tano, nyundo yake imefichwa ndani ya chuma hivi kwamba hakuna pembe ya kunasa popote. Haikuwa nzuri. Rangi ilikuwa imeitoka kwenye kona zote, na ukoo mzima haukuwahi kujua anayo, miaka yote hiyo ya kukaa nao kanisani.

"Triga yake nzito," Nelda akasema baada ya kuijaribu tupu.

"Nzito ndiyo dawa. Haitafyatuka kwa kubanwa na waleti. Na waleti haitakuwamo, wala kitana, wala peremende. Mkoba wa bastola ni wa bastola, na hauwekwi chini mahali popote penye mtoto. Haya."

Mkoba wa tatu, wa maua. Nelda akapumua, akavuta. Moja. Mbili. Tatu, nne, tano, haraka haraka, bila kusita, na majani yakawa yanamwagika kutoka gunia. Kitambaa cha mkoba kikashika moto, binamu mmoja akamwagia dumu zima la chai ya sukari, na Nelda akasimama pale analowa chai, moshi unatoka kiunoni, anacheka kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu majira ya baridi. Matundu matano kwenye gunia, yote yanafunikwa na kiganja.

"Risasi tano tu," Royce akajitetea. "Yangu inabeba kumi na moja."

"Inabeba kumi na moja, inapiga moja," Shangazi akasema. "Hesabu za shule gani hizo?"

Jumatatu Nelda akaenda dukani mjini. Muuzaji akaanza kumtolea za zambarau na za waridi. Nelda akamwambia azirudishe, akanyoosha kidole kwenye rivolva fupi, mbaya, pembeni kabisa, na akanunua pia mkoba wenye mfuko wa peke yake. Jioni yote alitembea jikoni na bastola tupu, mkono ndani ya mkoba, anawakaribisha wateja wasiokuwepo.

Jumanne saa tatu kasoro, Royce alikuwa ameshapiga simu mara tatu akiwa mnadani. Gari likaingia kwa marehemu Dillard. Akashuka bwana mrefu, kofia, buti zenye udongo mwekundu, wa umri wa baba. Mkono wa kulia wa Nelda ulikuwa umo mkobani, kidole ubavuni. Akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akauacha wazi, akasema, "Tangulia, bwana," na sauti ikatoka nyembamba.

Kizingiti kilikuwa kama mto. Akasimama, akahesabu tatu, akavuka.

Bwana Teague, ndilo jina lake, akauliza paa lina umri gani. Akamuuliza yeye. Nelda akajibu: miaka sita, ila upande wa kaskazini lilivuja, likatengenezwa, na risiti ipo. Akauliza kisima, akapewa kina chake na jina la aliyekichimba. Sauti ikaanza kunenepa. Akafungua bomba kwa kushoto, makabati kwa kushoto, akaonyesha mbao iliyooza kwa ncha ya kiatu. Wakafika chumba cha nyuma, dirisha limekwama, na Nelda akawa anapambana nalo kwa mkono mmoja, bega ukutani, jasho linamtoka.

"Mama, huo mkono mwingine unauma?" Bwana Teague akauliza, akapiga hatua. "Nikusaidie?"

"Baki hapo hapo," Nelda akasema. "Hauumi. Nimeshika bastola."

Bwana Teague akasimama. Akautazama mkoba, akamtazama usoni, kisha akavua kofia.

"Basi ishike tu, mama," akasema. "Sogea mlangoni, mimi nifungue dirisha."

Nelda akarudi nyuma hatua mbili, mpaka mlangoni, bastola mkononi.

"Usilivute moja kwa moja," akamwambia. "Lisukume kushoto kwanza."