Tepu ya Wamucii

Kila asubuhi, kabla uji haujapoa, Wamucii huvua tepu shingoni na kuizungusha kichwani mwa bintiye, Nyokabi. Husoma inchi, kisha huziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda chake cha kushonea sare za shule, huko Huruma.

"Mama Nyokabi, hiyo kofia ya askofu itaisha lini?" humtania Muchiri, muuza viatu wa kibanda jirani.

Wamucii hacheki. Nyokabi alizaliwa miezi tisa ikiwa imetimia, lakini kwa uzito wa kilo moja na nusu. Kondo la nyuma halikuwa limempitishia chakula cha kutosha. Daktari alieleza kwamba mwili wa mtoto wa namna hiyo hujinyima ili ulishe kichwa kwanza. "Tutakiangalia kichwa," alisema. Wamucii alilishika neno hilo, na miaka sita sasa hajaliachilia.

Wiki hiyo Mwalimu Sylvia alitaka Nyokabi arudie chekechea. Nyimbo alizijua zote, lakini akitumwa vitu vitatu alileta kimoja. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Alhamisi Wamucii aliacha sare za watu zimeshonwa nusu, akanakili namba zote za mlangoni, akaenda na Nyokabi kliniki. Kwenye benchi hakukalika. Alikaa, akainuka, akakaa tena.

Daktari Awuor alizisoma namba hadi mwisho. "Kichwa kimekua vizuri. Lakini tepu haioni kilicho ndani, mama."

"Sasa nipime nini?"

Daktari alimgeukia mtoto. "Nyokabi, funga mlango, leta kile kikombe, halafu ukae."

Nyokabi alifunga mlango, akabaki ameshika kitasa, akimtazama mama yake. Mguu wa Wamucii ulikuwa ukikanyaga sakafu kama uko kwenye cherehani.

"Kikombe," daktari alisema taratibu. Akakileta. "Kaa." Akakaa.

"Wengine waliozaliwa hivi hupata shida hii ya kusahau maagizo, wengine hawaipati. Mwambie mwalimu ampe agizo mojamoja. Na mambo ya kondo si kosa lako."

Ijumaa Mwalimu Sylvia alikubali: aingie gredi ya kwanza, wamwangalie muhula mmoja.

Siku ya kuanza, Nyokabi akiwa ndani ya sare mpya, mkono wa Wamucii ulikwenda wenyewe kwenye tepu. Mtoto aliinamisha kichwa kama alivyozoea. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwa ameliuliza hata siku moja.

"Mami, huwa unatafuta nini hapo?"

Tepu ilibaki ikining'inia mkononi.

"Natafuta kama ni mimi nilikuumiza ukiwa tumboni. Sijaona kitu. Kunywa uji."