Aliyeanua za Jirani Kwanza

Mwezi uliopita, mjini Likasi, kusini mwa Kongo, niliitwa mwizi. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia shangazi yangu katika mtaa uleule niliokulia, na mchana mmoja mvua ikaja ghafla, kama kawaida yake kwetu. Nikatoka mbio kuanua nguo. Uani kuna kamba mbili zinazotazamana, ya shangazi na ya jirani, na mikono yangu ikaanza na ya jirani. Nilikuwa nimeshakumbatia nusu ya nguo zake aliposimama mlangoni, mama kijana nisiyemfahamu. "Eeh! Weye ni nani? Nguo zangu unapeleka wapi? Mwizi!" Subiri, rafiki yangu, nitarudi kwake. Kwanza nikusimulie habari ya shairi moja, maana bila hilo hutanielewa, na huenda ukakubaliana naye.

Mimi nililelewa na bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita kambo, na kambo hakuamini kitu kabla ya kukinusa. Sokoni alitia unga wa mahindi kiganjani, akaupuliza, akautazama muuzaji usoni, sio unga. Mafuta ya mawese aliyaonja kwa kidole na kukunja uso hata yakiwa mazuri. Mhubiri alipotutembelea na viatu vinavyong'aa, kambo alimkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akaninong'oneza: "Matope ya huku amepita wapi, ule?" Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: usiamini muntu anasifu bukari mbele ya kuonja. Bukari ndiyo ugali wetu, na wa kambo, pamoja na sombe ya majani ya muhogo iliyochemka tangu asubuhi juu ya mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, ulistahili sifa. Lakini ole wako uusifu mapema.

Kwa pua hiyo niliingia darasa la fasihi. Mwalimu wetu wa Kifaransa, tuliyemwita Prof kama wanavyoitwa walimu wote wa sekondari, alikuwa na desturi yake. Jumamosi, saa ya mwisho, alitusomea shairi au hadithi, halafu kila mmoja akasimama kusema amempenda nani humo ndani na kwa nini. Wenzangu walikuwa watu wa amani. "Ni zuri, Prof, linagusa moyo," wakaketi. Mimi sikuweza. Katika hadithi moja mwindaji alirudi peke yake kutoka porini, analia kwamba rafiki yake amepotea. Darasa zima lilimwonea huruma. Mimi niliuliza mbona amerudi na nyama zote. Mshairi mmoja alidai hapati usingizi kwa sababu ya mapenzi na mwezi, nikasema ningependa kujua kwanza kama alikuwa amekula. Na yule binti wa mfalme aliyesamehe kila mtu, yeye nilimwogopa kabisa.

Wenzangu walicheka hadi madawati yakagonga ukuta. Prof hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Kushuku nako ni kupenda. Usiyempenda humwulizi kitu. Endelea." Nilimpenda mwalimu yule, nalisema wazi, na nilizipenda Jumamosi zile kuliko nyama ya Krismasi.

Basi Jumamosi moja akaja na shairi fupi. Akasema ni la Mzungu mmoja aliyekufa zamani katika nchi ya baridi. Lilikuwa la mama aliyeonja upepo kwa ulimi, akajua umegeuka, akakimbia kuanua nguo. Alianua za jirani kwanza, na alipoifikia kamba yake, upepo ulikuwa umeshafika. Hayo tu. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja, wakasema jinsi mvua inavyoharibu mambo.

Mvua gani? Pua yangu ilisimama. Katika shairi lile hamkuwa na mvua. Anayekimbia mvua hutazama juu. Kuonja upepo kwa ulimi tulikuwa tunaonja sisi, watu wa nyumba za wafanyakazi, siku zile moshi wa kiwandani ulipokuwa ukishuka hadi uani. Upepo ukigeuka, ulimi ulipata ladha ya chuma, na nguo mbichi zikikutwa kambani zilishika madoa, zikalika, zikatoboka. Ndiyo maana wanawake wa mtaa walikuwa na sheria yao. Wa kwanza kuonja alipiga kelele, "Upepo!" na kila aliye karibu alianua kamba iliyo mbele yake, iwe ya nani. Nguo zikakaa ndani kwa aliyeanua, mambo ya nani mwenye ipi yakangoja jioni, pamoja na vicheko na ugomvi mdogo wa soksi. Sasa niambie, Mzungu wa nchi ya baridi alionjea wapi upepo wetu?

Nyumbani nilimsomea kambo shairi lile kwa kichwa, nikiligeuza Kiswahili, naye akisonga bukari. Mwiko ukasimama sufuriani.

"Nani alikufundisha ile?"

"Prof. Anasema ni ya Muzungu mumoja wa zamani."

"Muzungu!" Kambo alicheka kwa pua. Halafu hakucheka tena. Alikaa chini kwenye kigoda, bukari ikianza kushika chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu. "Ule mama njo mama ya Prof yenu. Tulikaa naye mulango kwa mulango. Na zile nguo za jirani zilikuwa zangu. Minye nilikuwa ku maternité, shangazi yako amezaliwa palepale, na nguo zote za mutoto ziko pa kamba. Alianua zangu. Kikwembe yake ya ndoa, ya kujifunga kiunoni, ya bleu, yenye ndege za manjano, ikabakia. Ilitobokatoboka yote. Nilipolia, akanijibu: kikwembe haisikiake baridi, mutoto njo anasikiaka."

Nilitaka kukimbia palepale kwa Prof nikamwambie nimemkamata. Kambo akanishika mkono. "Usimuulize. Muntu akificha kitu, tafuta kwanza anaificha juu ya nini."

Sababu sikuhitaji kuitafuta mbali. Shuleni kulikuwa na minong'ono kwamba Prof anatufundisha vitu nje ya programu, vingine vya kujitungia, na kwamba préfet, mkuu wetu wa shule, akipata ushahidi atamwondoa. Hilo lilikuwa la wakubwa. La pili lilikuwa letu sisi. Shairi la Mzungu aliyekufa tulilinakili kwa heshima. La mtu tunayemwona kila siku akinunua makala, tungelicheka. Prof alitujua.

Jumamosi iliyofuata préfet aliingia, akaketi nyuma, karibu na dawati langu. Aliomba karatasi ya shairi, akaisoma mara ya kwanza, akaisoma tena. Prof alisimama mbele akisugua vidole vyenye chaki. Sijapata kumwona mtu mzima akiogopa hivyo mbele ya watoto, na roho iliniuma.

"Kitabu chenyewe kiko wapi, Prof?"

"Kilibakia nyumbani, Monsieur le Préfet."

Préfet akaguna. Nilimjua mguno ule, ni wa kambo mbele ya unga mbaya. Kisha akanigeukia mimi. "Weye, banasema unaulizaka sana. Ile shairi, mutunzi wake ni muntu wa wapi?"

Darasa zima lilikuwa linaningojea, maana kwa mwaka mzima sikuacha mwindaji wala binti wa mfalme apite bila kukaguliwa. Neno moja langu, na Prof angekusanya chaki zake. Nikasimama.

"Mutunzi simujue, Monsieur le Préfet." Na usinitazame hivyo, rafiki yangu. Kushuku si kujua, na Prof alikuwa hajakiri. "Lakini mama wa mule ndani, ule minamujua."

Wenzangu wakaangua kicheko. Préfet naye midomo ilimcheza. "Unamujua namna gani?"

"Minamuona. Anaanua nguo za mutoto wa jirani, anaacha kikwembe yake ya ndoa, ya bleu, yenye ndege za manjano. Jirani akilia, anamuambia: kikwembe haisikiake baridi, mutoto njo anasikiaka."

Préfet aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma. "Mambo ya ndege haiko humu."

"Apana, Monsieur. Ni vile minye nilimupenda."

"Huyu mutoto anaota ndoto muchana," alisema, na darasa likacheka upya, naye akacheka nalo, akainuka kuelekea darasa jingine. Swali la kitabu lilibaki kwenye dawati pamoja na karatasi. Sijui kama aliridhika. Nadhani hata yeye alikuwa na kamba yake mahali fulani, akachagua kutouonja upepo.

Mimi nilimtazama Prof. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anafuta ubao. Ubao ule haukuwa na kitu. Aliufuta muda mrefu, kutoka kona hadi kona. Kengele ilipolia, nilipita mbele yake macho chini.

"Kambo yako hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo, Prof."

"Umusalimie. Umusalimie sana."

Hatukulizungumza tena mpaka namaliza shule. Sasa kambo amelala makaburini, na unga naununua bila kuupuliza kwa sababu unauzwa kwenye mfuko uliofungwa, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Prof alihama. Wengine wanasema Kolwezi, wengine wanasema amevuka mpaka, na mimi simwamini hata mmoja wao. Shairi lake sijaliona popote, liko kichwani mwangu tu, pamoja na ndege wake wa manjano ambao hakuwahi kuwaandika. Na kelele ile, "Upepo!", ikipita kutoka ua hadi ua, sijaisikia tangu utotoni, tangu moshi wa kiwanda ulipokoma. Namshukuru Mungu kwa ajili ya nguo. Kwa ajili yetu sisi, sijui.

Basi tulikuwa tumesimama pale, mimi na mama kijana, mvua inatupiga. Alininyang'anya nguo zake, akazikagua moja moja kama kambo angezikagua, akatazama hata mikono yangu. Sikumlaumu, mimi ningemshuku vibaya zaidi. Nilijaribu kusema mimi ni nani, mpwa wa nani, nilikulia wapi. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kamba ya shangazi, ambako nguo zetu zote zilikuwa bado zinaning'inia, zinatiririka maji.

"Na zako?" aliuliza polepole. "Juu ya nini hukuanza na zako?"

Alinitazama tena, kwa jicho lilelile la kuninusa. Kisha akaweka nguo zake ndani ya mlango, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akarudi kwenye mvua kuanua zangu.