Kikapu cha Bibi Skola

Sisi tuliokulia Ulyankulu miaka ile, makazi ya wakimbizi kwenye nchi tambarare, mlima tuliujua kwa kichuguu. Bibi yangu, Bibi Skola, alikimbia Burundi na mama yangu, mimi nikiwa mchanga mgongoni, na jioni alitusimulia kwamba kwao jirani humwita jirani kutoka mlima hadi mlima. Basi nasi tukapanda vichuguu nyuma ya choo, mmoja huku, mwingine kule, tunaitana mpaka sauti zinakauka.

Bibi alisuka vikapu vyenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge, vinanukia majani makavu na moshi wa jikoni. Jirani akijifungua, kikapu kilienda na unga wa mtama. Akivuna, kilirudi na maharage. Wa kutumwa ni sisi, na njiani tulikitikisa sikioni kubahatisha kilichomo: karanga zinacheka, mahindi yanagonga, unga unanyamaza. Kukirudisha kitupu? Thubutu! "Ukiwarudishia watu kikapu kitupu umewatukana," alisema Bibi. Msimu wa njaa tulitia hata majani ya maboga.

Sasa mwaka huu yakaja maonyesho ya sanaa za milimani, za kale na za kisasa, katika ukumbi mmoja Tabora mjini. Dada mmoja wa waandaaji alikuja kwa mama kuazima kikapu cha mwisho alichosuka Bibi.

"Kimesukwa na nani, mama?"

"Na mama yangu, Skolastika. Andika, mwanangu, usije ukasahau."

Akaandika. Nilimwona.

Mimi kuzurura ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nikadandia lori, nikaenda kutazama. Picha za milima zilikuwa nzuri, sikatai. Moja ya buluu ilinisimamisha muda mrefu, nikadhani nasikia mtu anaita. Pembeni, vijana wa mtaa wa Isevya walikuwa wakijipiga picha mbele ya kikapu chetu, midomo wameibinua, kikapu chenyewe wamekipa mgongo. Kilikuwa ndani ya kioo, na karatasi: "Kikapu cha kale. Msukaji hajulikani."

Hajulikani! Nikamvaa msimamizi. "Aliyesuka ni bibi yangu! Ana jina!"

"Mzee wangu, punguza sauti, huu ni ukumbi."

"Kwao watu huitana kwa sauti!"

"Dingi kavurugwa huyo," vijana wakacheka. Msimamizi akaahidi kurekebisha.

Juzi dereva wao alikirudisha. Hakushuka garini, shikamoo hakutoa. Alikipitisha dirishani, akaondoka. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakitikisa sikioni kama tulivyofanya sisi. Ndani kulikuwa na kitu chepesi, kinakwaruza. Akafunua. Ilikuwa karatasi ileile, haikuguswa hata herufi.

Mama hajui kusoma. "Wameandika jina lake?" akaniuliza.

Nikazunguka nyuma ya choo. Kichuguu changu bado kipo, kimeliwa na mvua. Nikapanda na uzee wangu, nikaliita jina la Bibi mpaka sauti ikakauka. Zamani, upande wa pili kulikuwa na mtu wa kuitika.