Jiko Nililomwazima Baba Shija

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu Minza, wewe una miaka miwili. Mimi si bibi kizee, sina mvi hata moja, ila siku ile ilinizeesha na hasira yake haijanitoka.

Tulipanga mtaa wa Kalangalala, mjini kwa wachimba dhahabu, nyumba ya vyumba kumi, korido moja, choo kimoja. Jirani akipiga chafya unampa pole ukiwa kitandani kwako. Watu wakibanana hivyo wanafundishana kunyamaza: unasikia, unajifanya hukusikia.

Mchana ule nilikuwa kwa Mama Shija, chumba cha pili, tukitazama tamthilia ya Kikorea iliyotiwa Kiswahili. Mtaa wa jiji kubwa huko, nyumba zimepandana mlimani, vichochoro hata mwavuli haufunguki. Mama mmoja akasikia harufu ya moshi kwa jirani, akaenda kugonga mlango kwa ngumi, anafoka. Tukacheka.

"Hawana haya hawa," nikasema. Mimi huyo.

Baba Shija, mume wa Mama Shija, akachungulia mlangoni. "Shemeji, niazime jiko. Moto wako bado mzuri."

Nikajua anataka kuchoma dhahabu yake iliyoshikana na zebaki, zebaki iruke ibaki dhahabu. Siku zote alichomea nyuma ya choo, leo mvua. Na mimi nimefika kidato cha nne, mwalimu wa kemia alituambia wazi: zebaki ikipata moto inatoa mvuke, na mvuke huo ni sumu. Lakini kumnyima jirani jiko, ningeitwaje?

"Chukua tu, shemeji."

Akachomea koridoni. Wewe ulikuwa umelala chumbani kwetu, hatua tatu, mlangoni pazia tu.

Jua halijazama, ukaanza kukohoa. Mbavu zinaingia ndani, midomo rangi ya majivu. Nikakubeba mbio. Hospitali walikuweka kwenye oksijeni siku nne, na mimi nimekodoa macho kifuani kwako, kikishuka naogopa hakitapanda.

Mwenye nyumba wetu, Mayu Kabula, mayu ndiyo mama kwa kilugha chetu, akaja na uji. Nikamwamkia, kisha nikaanza kumtukana Baba Shija. Akaniacha nimalize.

"Ulijua ule moshi ni sumu?"

"Nilijua, mayu."

"Yeye hakusoma. Wewe ulijua, ukanyamaza ili uitwe jirani mwema. Haya, kunywa uji, jirani mwema."

Nilitamani kumrushia kile kikombe. Nikaunywa uji wote. Sasa unakimbia, unanishinda mbio, lakini ukikohoa kidogo tu naacha chungu kiungue nije kukusikiliza kifua.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo wasemavyo. Mimi nilichelea jirani kununa. Kwa hiyo sikia, mwanangu: utaishi na watu ukuta kwa ukuta, wape chumvi, wape maji, wape moto wa kupikia. Lakini unachokijua kuwa ni sumu, kiseme papo hapo, mbele yao, hata mvua inyeshe, hata wakuite mchawi. Atakayenuna anune. Kununa hakuui mtoto.

Mungu akupe kifua kisichochoka, na mdomo usioogopa kuitwa mbaya.